"Who is it?" si tusi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi. Juzi niligonga mlango wa mgeni, akauliza kutoka ndani, "Who is it?" Mwenzangu akasema mgeni kanidharau, kwa sababu "it" ni ya vitu na wanyama. Halafu kwenye simu wageni husema "This is Sarah", si "I am Sarah". Nijibuje? – Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba. Mgeni hakukudharau hata kidogo, na mwenzako simlaumu, maana najua alikolitoa. Kila ninapofundisha watu wa hoteli naletewa swali hili, na chanzo ni kilekile: jedwali la kukariri. "He" mwanamume, "she" mwanamke, "it" kitu au mnyama. Hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayohitajika mlangoni.

Sisi mtu akipiga hodi tunauliza "Nani?" au "Ni nani?" Hiyo "ni" inajitosheleza, haihitaji kiima. Kiingereza hakikubali hivyo. Sentensi yake lazima iwe na kiima hata kama aliye nje hajulikani, basi "it" inawekwa pale imshikie nafasi mtu ambaye bado hajatambulika. Nawe unajibu vivyo hivyo: "It's Asha, from reception." Akishajulikana, ndipo "he" na "she" zinaingia: "It's the doctor. She's come to see you." Hata mtoto akizaliwa, mkunga husema "It's a girl!" na wazazi wanafurahi. Wapo pia waliofundishwa kwamba jibu sahihi ni "It is I" peke yake. Hiyo ni kanuni ya sarufi ya zamani; mlangoni watu husema "It's me."

Simu nayo ni hivyohivyo. Anayepiga haonekani, kwa hiyo anaitambulisha sauti yake: "This is Sarah." Ukitaka kuhakikisha ni yeye, Mwingereza angeuliza "Is that Sarah?" na Mmarekani "Is this Sarah?" Mkikutana uso kwa uso, sema "I'm Asha." Ukimtambulisha meneja wako, anza na "This is", kama tunavyosema "Huyu ni". Wengi huanza na "He is our manager", na mgeni anahisi kama mazungumzo juu ya mtu huyo yalishaanza bila yeye. Kiswahili chao wenyewe kingewaokoa hapo, lakini wameambiwa wakiweke kando wajifunzapo Kiingereza.

Kinachoniuma ni biashara iliyojengwa juu ya jedwali hilo. Vijitabu vyembamba na masomo ya WhatsApp yanaahidi Kiingereza fasaha kwa mwezi mmoja, na kinachouzwa ni neno moja kwa maana moja, kwa kuwa hicho ndicho rahisi kupiga picha na kutuma. "The" wanaambiwa ni "ile". Matokeo yake namsikia muongoza watalii akisema "the Mount Kilimanjaro" na "the Lake Victoria", kisha anaiacha "the" pale inapotakiwa, kwenye "the Indian Ocean" na "the Usambara Mountains". Hakuna "ile" itakayokuonyesha tofauti hiyo. Jina la mahali hujifunzwa pamoja na "the" yake au bila yake, kwa kulisikia mara nyingi. Wanakaririshwa pia kwamba "a" haikai mbele ya jina la mtu. Lakini mhudumu akisema "There's a Mr Brown at reception", amesema jambo la maana sana: kuna mtu anayejiita Brown, nami simjui.

Anayelipia somo la namna hiyo huhesabu kila sentensi isiyoingia kwenye jedwali kuwa ni dharau ya mgeni au ujinga wake mwenyewe. Nimewaona vijana hodari wakinyamaza mlangoni wasijiite "it". Mgeni aliye peke yake chumbani usiku, akiuliza asijibiwe, anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Kabla hujatoa pesa, mwombe mwalimu akuigizie mtu aliye mlangoni na mtu aliye kwenye simu. Akikurudisha kwenye jedwali, ondoka.

Na ukigonga tena, usingoje kuulizwa. Gonga, kisha sema kwa sauti inayosikika ndani: "Hello, it's Asha from reception."