Ukitoka Pwani kuja kutua Wilson, usiamini macho

Wenzangu mnaorusha Cessna, hizi ndege ndogo, wikendi, hasa mliozoea Malindi na Mombasa, uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari na hapo ndipo mambo huharibika kwa rubani ambaye Pwani hana shida yoyote. Hewa ni nyepesi. Kipima spidi kikisoma noti 65 (noti ni maili za baharini kwa saa), ukweli ndege inakata hewa kwa noti 71 au 72, na mchana wa jua kali la Februari ni zaidi ya hapo, sasa macho yanaona ardhi inakimbia unadhani uko mbio sana, mkono wenyewe unapunguza nguvu, pua inainuka, na huna urefu wa kurekebisha chochote. Angalia kipimo. Namba unayoifuata kwenye kipimo Pwani ndiyo hiyo hiyo ya Wilson.

Halafu kuna wale wa kuongeza noti kumi eti za usalama. Hao ndege haitaki kukaa chini, inaelea tu, lami inaisha, mtu anasukuma usukani kuilazimisha na gurudumu la mbele linagonga kwanza. Nimeshaona Cessna 172 moja ya mgeni ikifanya hivyo mbele ya hanga, ikaruka kama chura, ikaruka tena, na kila mara jamaa anaifuata na usukani akiwa amechelewa, ya tatu ikaja na pua, ncha za propela zikajikunja nyuma na ikabidi injini nzima ifunguliwe ikaguliwe. Abiria walishuka salama, lakini bili ya hapo we acha tu.

Kwa hiyo ikishadunda vibaya mara moja usibishane nayo, paa tena.

Ila hata kupaa tena huku juu kuna namna yake. Pwani mmezoea kusukuma ile nobu nyekundu ya miksha, inayopima mafuta yanayochanganywa na hewa, mpaka mwisho kabla ya kutua, ukifanya hivyo Wilson injini inazidiwa na mafuta, yaani saa unayotaka nguvu zote ndiyo inaanza kukohoa. Punguza mafuta kwa hiyo nobu ukiwa bado mbali, yakae sawa na mwinuko wa hapa. Na flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, rudisha hadi digrii 20 kwanza, ukizifunga zote kwa pupa ndege inazama.

Waongozaji wa mnara hawakununii kwa kughairi kutua. Abiria ndio watauliza mbona tumeruka tena, waambie mtaongea mkishafika chini. Na kama ratiba yako inaruhusu njoo asubuhi, kabla lami haijapata moto.