Kijana unayeingia chumba cha habari: imani ya wasomaji hupotelea kwenye habari ndogo

Vijana wanaomaliza masomo ya uandishi wa habari huniandikia mara kwa mara wakiuliza kama bado kuna maana ya kuomba kazi kwenye gazeti. Swali lao nalielewa, kwa sababu wengi wao hawanunui gazeti hata kwa wiki mara moja. Nimefanya kazi ya uandishi, na baadaye ya uhariri, katika magazeti ya Kiswahili jijini Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na jibu ninalowapa ni kwamba kazi ipo, ila ataiweza yule anayeelewa ni kwa nini watu waliacha kutuamini. Husemwa kwamba simu ndiyo iliyoua magazeti. Simu imepunguza mauzo, hilo halina ubishi, lakini imani ilikuwa imeanza kuondoka mapema zaidi, na iliondoka kwa mlango ambao sisi wenyewe tuliuacha wazi.

Simama asubuhi kwenye meza ya magazeti pale Posta au Kariakoo. Watu hukusanyika nusu duara, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari kwenye kurasa za mbele zilizotandazwa na kubanwa kwa mawe ili zisipeperuke, wanabishana kidogo kuhusu Simba na Yanga, kisha kila mmoja anashika njia yake bila kununua. Kusoma vichwa bila kununua ni desturi ya siku nyingi, na muuza magazeti ameizoea. Kilichobadilika ni maneno yanayosemwa pale. "Hawa wamelipwa." "Hiyo wameitunga." Hukumu hutolewa kabla habari haijasomwa hata aya moja. Redio na runinga nazo husoma magazeti kila asubuhi, kichwa baada ya kichwa, hivyo mtu hufika kazini akiamini kwamba amelimaliza gazeti zima, kumbe amesikia tu yale maneno ambayo mhariri aliyachagua jana usiku ili yauze.

Ziko sababu kubwa za kudhoofika kwa magazeti ambazo mwandishi mchanga hana uwezo nazo, lakini anapaswa kuzijua. Bei ya nakala haikuwahi kutosha kuendesha gazeti. Fedha zilitoka kwenye matangazo, na nchini Tanzania hakuna mtangazaji mkubwa kuliko serikali na taasisi zake. Serikali ilipobana matumizi kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015, matangazo yalipungua na madeni ya zamani yakakaa bila kulipwa, na mhariri akajikuta akipima mara mbili kabla ya kuchapisha habari kali kuhusu taasisi ambayo kampuni yake inaidai. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari kuchukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Gazeti la Mawio lilikuwa limekwisha kufungiwa mwaka huohuo, na mwaka 2017 magazeti ya MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yakasimamishwa kwa nyakati tofauti. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la chama tawala chenyewe, lilisimamishwa kwa siku 14 baada ya kuandika kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kuwania urais mwaka 2025. Magazeti yaliyokuwa bado yamefungiwa yalirudishiwa leseni Februari 2022, na sheria ikafanyiwa marekebisho mwaka 2023.

Hayo yote yana uzito, na hofu iliyoingia vyumba vya habari katika miaka ile haijaisha. Hata hivyo, msomaji wa kawaida hakuacha kutuamini kwa sababu ya kifungu cha sheria. Wengi waliacha siku walipokutana nasi ana kwa ana.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishuhudia. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, gazeti moja lilihitaji picha ya kuambatana na habari ya ukurasa wa mbele. Mtu wa picha akatoa kwenye hifadhi picha ya mama lishe iliyopigwa miezi mingi nyuma, akiwa amechuchumaa kwenye jiko lake la mkaa, sufuria ya wali mbele yake, sura yake ikionekana vizuri kabisa. Maelezo chini ya picha yalisema kwamba vyakula vya barabarani ni chanzo cha ugonjwa. Mama yule hakuwa mgonjwa, hakuwa amekaguliwa na mtu yeyote wa afya, na eneo lake la biashara halikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa kwenye habari. Baada ya siku chache alifika mapokezi na nakala ya gazeti ikiwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la khanga. Alisema wateja wake, ambao wengi ni mafundi wa gereji ya jirani, wamehama wote, na mmoja ndiye aliyemletea gazeti lile. Aliomba jambo moja tu: picha yake ichapwe tena, ukurasa uleule, iandikwe kwamba chakula chake hakina tatizo.

Masahihisho yalitoka. Yalikuwa mistari michache, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya vifo, bila picha na bila kueleza kosa lilikuwa nini. Kwa upande wa gazeti jambo likawa limekwisha. Kwa upande wa mama yule, wa mafundi wale na wa majirani waliosikia kisa kile, gazeti lile lilikuwa limejipambanua kuwa ni kitu cha aina gani, na hakuna kampeni ya "habari za uhakika" itakayowabadilisha mawazo. Zidisha kisa hicho kwa kila mtaa ambao gazeti limewahi kuutaja, utapata picha kamili zaidi ya tatizo letu kuliko utakayoipata kwenye semina.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuwaheshimu watu wadogo kuliko unavyomheshimu waziri. Waziri ana msemaji wake na ana uwezo wa kuita mkutano mwingine kesho. Mchuuzi, mwalimu wa shule ya msingi au mzazi wa mtoto aliyefariki hana mahali pengine pa kusemea. Muulize jina lake, arudie, umsomee ulivyoliandika. Akikwambia jambo zito, mpigie simu kabla ya kurasa kwenda kiwandani umsomee maneno yake. Wapo wahariri watakaokuambia kwamba kumsomea mtu nukuu yake ni kumpa nafasi ya kuikana. Mimi nimeona kinyume chake: wengi hurekebisha tarehe au cheo, kisha wanaongeza jambo ambalo hawakulikumbuka mwanzo. Ukishirikishwa kuchagua picha, uliza ilipigwa lini na wapi. Na kosa likitokea, pigania masahihisho yawe mahali ambapo kosa lilitokea, yaseme wazi kilichokosewa na ukweli wenyewe ni upi. Utaambiwa kwamba unalidhalilisha gazeti. Usirudi nyuma.

Sasa nije kwenye bahasha, yaani fedha ambazo wenye mikutano huwapa waandishi, kwa sababu hakuna jambo ambalo wasomaji wanalijua zaidi ilhali sisi tunalizungumza kwa kunong'ona. Mkutano na waandishi unapokwisha, karatasi ya mahudhurio huzungushwa: jina, chombo, namba ya simu, saini. Zamani bahasha ya kaki ilifuata. Siku hizi fedha huingia kwenye simu kabla hujapanda daladala ya kurudi ofisini. Jina lake ni nauli. Sitamhukumu mwandishi wa mkoani ambaye hana mshahara, analipwa kwa kila habari inayochapwa, na malipo ya habari hiyo hayatoshi hata mafuta ya bodaboda aliyoikodi kuifuata. Mwenye dhambi kubwa hapo ni mwajiri anayemtuma mtu kazini mikono mitupu huku akijua nani atamlipia. Lakini matokeo hayabadiliki kwa kuwa sababu inaeleweka. Mwandishi akishapokea, huandika alichoambiwa, wala hamuulizi mtoa nauli swali ambalo lingemfanya akose nauli ya safari ijayo.

Unachoweza kufanya ni hiki. Kabla ya kwenda, mwambie mhariri wako kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba huna usafiri, ili jukumu liwe lake. Ukiona safari haiwezekani bila gari la taasisi husika, kwa mfano ukaguzi wa mradi ulio mbali na barabara kuu, panda, kisha ndani ya habari uandike kwamba safari hiyo iligharamiwa na taasisi hiyo. Sentensi moja inatosha, na msomaji ataithamini. Fedha taslimu ikataeni mkiwa wawili au watatu pamoja, kwa maana mtu mmoja akikataa peke yake huonekana ana majivuno, au hutafutiwa jina baya.

Jambo la tatu limefungamana na hilo. Fungua gazeti lolote leo uhesabu ni habari ngapi zimesimama juu ya mtu mmoja aliyesimama nyuma ya kipaza sauti: alisema, aliongeza, alisisitiza, alitoa wito. Habari za namna hiyo ni salama, ni rahisi, na mara nyingi ndizo zilizolipiwa nauli. Haziwi uongo, lakini anayeishi kwenye kijiji kinachosemwa huzisoma akijua kwamba hakuna aliyefika kuona.

Magazeti yetu hayakuanza hivyo. Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilikuwa chombo cha watawala na lilisema waliyoyataka watawala, na bado watu walilisubiri, kwa sababu lilikuwa na habari za miji zilizoletwa na wakazi wenyewe, pamoja na barua na mashairi yao. Msomaji alijikuta mle, na jirani yake pia. Leo mtu wa Tunduru anaweza kununua gazeti mwezi mzima asiikute wilaya yake ila pale ajali inapotokea.

Kama unataka mahali pa kuanzia, anza na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huwasilishwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufikishwa bungeni Aprili, na ipo ripoti nzima inayohusu serikali za mitaa. Kila mwaka magazeti huandika mabilioni yaliyopotea kitaifa, wanasiasa wanakasirika kwa wiki mbili, basi. Wewe tafuta halmashauri yako. Tafuta zahanati, kisima au vyumba vya madarasa vilivyotajwa, kisha nenda. Nimewahi kusimama mbele ya kioski cha maji ambacho kwenye karatasi kilikuwa kimekamilika. Bomba lilikuwa limezibwa kwa kitambaa, na watoto walikuwa wameufanya ukuta wake goli la mpira. Akina mama walituonyesha walikokuwa wanateka maji, wakatutajia siku fundi alipokuja mara ya mwisho na jina la aliyemleta. Mtendaji wa kata alikuwa na maelezo yake, ambayo mengine yalikuwa ya kweli, nayo yaliandikwa. Habari ya aina hiyo haina mtu wa kuikana, kwa kuwa kila anayeishi pale anaweza kwenda kuikagua.

Usiifanye kazi hiyo ukidhani haina hatari. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2012. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi kuhusu mauaji ya watu wilayani Kibiti, mkoani Pwani, alitoweka Novemba 2017, na familia yake haijaambiwa alipo. Usiende peke yako panapotisha, acha taarifa ya safari yako kwa mhariri na kwa mtu wa nyumbani, na tunza daftari lako lenye tarehe, kwa sababu siku ukiitwa kujieleza, hilo ndilo litakalosema badala yako.

Kwa wewe msomaji nina maneno machache. Picha za kurasa za mbele za kughushi husambaa sana kwenye WhatsApp, hasa karibu na uchaguzi. Kabla ya kulilaani gazeti, fungua ukurasa wake rasmi uone kama kweli lilichapisha. Ukiandikwa vibaya, usiishie kulalamika kijiweni. Mwandikie mhariri, na asipokujibu, peleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, ambacho husuluhisha mashauri ya namna hiyo bila kukupeleka mahakamani. Na ukimwona mwandishi anayefika kwenu na kuandika sawasawa, likumbuke jina lake, ununue gazeti siku anayoandika.

Na wewe kijana, kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari utakihitaji kisheria, kwa hiyo kitafute. Kisha chagua kata moja, uijue shule zake, soko lake na viongozi wake, na kila mtu utakayemnukuu mwachie namba yako ya simu. Habari ikitoka, chukua nakala uwapelekee waliomo. Kaa nao waisome mbele yako. Wakikuonyesha ulipokosea, andika hapohapo kwenye daftari, umpigie mhariri kabla hujaondoka, masahihisho yatoke kesho yake.