Ekwalaiza: ninunue au nisinunue?

SWALI: Sebule yangu ni mita 4 kwa 3, kuta za tofali, juu bati bila dari. Spika mbili za inchi 6 nimezibana kwenye kona, na kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Nikipiga dansi, besi inavuma mpaka maneno ya mwimbaji hayasikiki. Nimeona ekwalaiza ya mtumba, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine, yenye vitufe 10 vya kusukuma juu na chini. Ninunue?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Usitoe hela bado, ndugu. Kinachovuma ni chumba. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na kati ya kuta zilizoachana mita 4 hujirudia na kujijaza kwenye hezi 43, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde. Zile za mita 3 hufanya hivyo kwenye hezi 57. Sasa angalia gitaa la besi: waya mnene kuliko zote hutoa hezi 41, unaofuata 55. Ndiyo maana noti hizo zinanenepa kuliko wenzake. Kona inazidisha, na wewe mgongo uko ukutani, mahali besi inapojaa zaidi.

Weka wimbo mmoja, tembea polepole toka ukutani hadi katikati. Besi ikipungua njiani, umepata jibu. Vuta spika sentimita 50 kutoka ukuta ulio nyuma yake, na 70 kutoka ukuta wa pembeni. Vipimo hivyo viwili visilingane. Kochi nalo lisogee mbele sentimita 50 au zaidi, ila usikae katikati kabisa, maana pale hezi 43 hupotea, na hakuna ekwalaiza inayoirudisha. Mkeka na pazia zito hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu.

Bado inavuma? Jaribu kwanza ekwalaiza iliyomo kwenye simu, haina gharama. Punguza besi ya karibu na hezi 60 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 au 4, kwingine acha sifuri, kisha izime na uiwashe ulinganishe.

Punguza, usiongeze. Wengi hupandisha besi na sauti nyembamba, wakashusha sauti za katikati, na huko ndiko aliko mwimbaji. Tena kuongeza desibeli 10 ni kudai nguvu mara 10: amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 5 itatakiwa itoe 50. Ikishindwa, hukata vilele vya mawimbi, na mikwaruzo inayozaliwa hapo huenda kuunguza koili (waya uliosokotwa ndani) ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kitufe cha hezi 31 usikipandishe kabisa. Spika ya inchi 6 itatikisa koni bure.

Ukiamua kuinunua, sukuma kila kitufe muziki ukilia. Kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, na dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti huliondoa. Ifunge kati ya simu na tundu la AUX. Usiifunge kamwe kati ya amplifaya na spika, itaungua.

SWALI: Sabufa yangu inanguruma hata muziki ukizimwa. Ekwalaiza itaondoa?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Hapana. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ngurumo hiyo hutokana nao. Ukikata hapo unakata na besi ya muziki. Chomoa pini za kuingizia muziki. Ngurumo ikikoma, kosa liko kwenye waya au chaja ya simu. Ikiendelea, kapasita kubwa za pawa (vile vihifadhi umeme vya ndani) huenda zimechoka, mpelekee fundi azibadilishe.