Maswali ya Wasomaji: Nihame na Nini, Niache Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tumestaafu, na tumeamua kuondoka katika nyumba kubwa tuliyolelea watoto wetu ili tukaishi katika nyumba ya vyumba viwili, tupunguze gharama na shughuli. Uamuzi tuliufikia kwa furaha, lakini kila ninapofungua kabati nichague cha kutoa, ninashika kitu kimoja kimoja, ninakumbuka kilivyopatikana, kisha ninakirudisha palepale. Lipo sanduku la nguo za marehemu mama yangu, ipo cherehani ambayo sijaigusa tangu macho yalipoanza kudhoofika, na vipo vitabu vya miaka yangu yote ya ualimu. Watoto tumewauliza, na kila mmoja anasema kwake hakuna nafasi. Imebaki miezi mitatu. Nianzie wapi ili nisije nikajuta?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na asante kwa barua yako. Kinachokukwamisha si udhaifu wa moyo, bali ni swali unalojiuliza mbele ya kabati. Ukijiuliza utoe nini, kila kitu kitapata sababu ya kubaki. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo ndani yake baadhi ya washiriki walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa walidai bei iliyofika takriban mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe hivyo walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi tu. Ikiwa kikombe cha muda mfupi hupanda thamani kiasi hicho machoni pa mwenyewe, usishangae cherehani iliyowavisha watoto wako ikikataa kutoka mlangoni. Kwa hiyo usisubiri hadi uchungu uishe ndipo uanze.

Geuza swali: chagua vya kwenda navyo, si vya kutupa. Nendeni mkaipime nyumba mpya, kuta zake, upana wa milango na kina cha makabati, mchore vyumba vyote viwili kwenye karatasi, kisha mwandike siku yenu ya kawaida tangu kuamka hadi kulala pamoja na kila kitu mnachokitumia ndani yake. Hivyo ndivyo vya kwanza kupewa nafasi. Kwa kila kinachobaki, jiulize: kama kisingekuwa changu, ningekinunua leo kwa ajili ya nyumba ile? Swali hilo hukuhamisha upande wa mwenye mali na kukuweka upande wa mnunuzi, na huko akili huona vizuri zaidi. Mnachoamua kiandikwe, pamoja na jina la atakayekipokea, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na katika familia upoteaji wa namna hiyo huzaa lawama.

Hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya taaluma, karatasi za pensheni na wosia vitengwe tangu siku ya kwanza katika mkoba mmoja ambao mtaubeba wenyewe. Kisha anzeni na vitu visivyo na kumbukumbu: shuka za ziada, masufuria yaliyopoteza vifuniko, nyaya ambazo hakuna anayejua ni za nini. Simu za zamani zifutwe taarifa baada ya kunakili picha, na betri zake zisichanganywe na takataka za kawaida, kwa maana betri ya lithiamu iliyopondeka inaweza kuwaka moto. Peleka vifaa hivyo panapopokelewa taka za umeme. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za aina hiyo, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Cherehani na vitabu, kwa maoni yangu, vitakuwia vigumu kuliko hata nguo za mama, kwa sababu vinamshikilia mtu uliyekuwa wewe mwenyewe. Ualimu wako haumo katika karatasi zile. Umo kwa waliosoma kwako. Mtafute kwanza mpokeaji anayejulikana kwa jina, fundi kijana anayeanza kazi au mwalimu mgeni, ndipo utoe, maana kutoa kwa mtu atakayekitumia kitu ni tofauti kabisa na kukiacha kando ya barabara. Vitabu vya mitaala iliyokwisha kubadilishwa, hata hivyo, usimpe mtu kama msaada, wala kitu kibovu usikitoe kama zawadi, kwani utakuwa umemkabidhi mwenzako kazi ya kukitupa.

Sanduku la mama liwe la mwisho, na ndugu zako waitwe kabla halijafunguliwa. Bakiza vazi moja au mawili ambayo ukifumba macho unamwona ameyavaa, na mengine yapige picha, uandike alilivaa lini na wapi. Utafiti wa Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wanafunzi wa bweni waliohimizwa kupiga picha vitu vyenye kumbukumbu walitoa vingi zaidi kuliko wasiohimizwa. Walichoogopa kupoteza ni kumbukumbu yenyewe. Picha hizo zihifadhiwe mahali pawili tofauti.

Usikubali kukodi stoo wala kurundika masanduku kwa mtoto mwenye huruma. Huko ni kuahirisha, na atakayeamua siku moja ni yeye, bila wewe kuwepo kumweleza.

SWALI: Mke wangu na mimi tulikubaliana kupunguza vitu, lakini kila ninapotaja kitu chake anakasirika. Je, ni vibaya nikivitoa kidogo kidogo asipokuwepo?

JIBU: Ni vibaya, ndugu yangu, hata kama hatagundua kwa mwaka mzima. Siku atakayotafuta kitu asikione, ataanza kulinda hata vile alivyokuwa tayari kuviacha. Anza na vya kwako, tena hadharani, bila kumhesabia. Katika nyumba mpya kila mmoja apewe rafu yake ambayo haulizwi ameweka nini humo, na vya pamoja vitoke kwa ridhaa ya wote wawili. Lakini ikiwa hawezi kuachana na chochote, hata karatasi kuukuu, na vyumba vimejaa kiasi cha kutotumika, huenda jambo hilo si ukaidi. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani unautambua urundikaji wa kupindukia kuwa tatizo la kiafya linalojitegemea, na kumwondolea mtu vitu kwa nguvu humzidishia dhiki. Katika hali hiyo, muone pamoja mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kupanga tarehe ya kuhama.