Shangazi, tunahamia Kigali: tubebe nini, tuache nini?

Barua za kuhama kutoka hapa Mwanza zimenijia nyingi safari hii, na karibu zote zinaelekea Rwanda. Nimechagua hizi.

Shangazi, shikamoo. Mume wangu amepata kazi Kigali, tunahama mwezi ujao. Tuna kitanda cha mninga, kabati la milango mitatu, friji na jiko la gesi. Yeye anataka tubebe kila kitu, mimi nasema tuuze. (Mke, Nyegezi)

Marahaba, mwanangu. Nakuunga mkono, ila kitanda usikiuze. Mninga unafunguka: toeni chaga, simamisheni vichwa ubavuni mwa Fuso, vifungeni kwa blanketi za zamani, vitafika bila mkwaruzo. Skrubu zote ziingie kwenye kopo moja, na kopo hilo likae kwenye mkoba wako. Kabati lichungulieni kwa nyuma. Kama fundi alipiga misumari, likifumuliwa halikai sawa tena, kwa hiyo liuzeni.

Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, isafiri ikiwa imesimama. Mkifika msiiwashe papo hapo. Iacheni itulie saa kadhaa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi muachieni ndugu. Na mnachouza, uzeni sasa. Wiki ya mwisho mnunuzi akishaona maboksi sebuleni, anataja bei ya kutupa.

Shangazi, pale mpakani Rusumo watatutoza ushuru kwa vyombo vyetu wenyewe? (Mume, Buhongwa)

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa anayehamisha makazi, kwa vyombo vya nyumbani ambavyo amekuwa akivitumia kule alikotoka. Neno la kushika hapo ni kutumia. Televisheni mpya ndani ya boksi lake inaweza kuhesabiwa bidhaa, hata ukiapa ni ya sebuleni kwako. Andikeni orodha ya kila kitu, mwambatishe barua ya kazi na cheti cha ndoa, na mzungumze na wakala wa forodha kabla mzigo haujatoka Mwanza. Ukishafika mpakani huna nguvu ya kupatana bei na wakala yeyote.

Msitegemee kitambulisho cha NIDA kuvukia. Kila mmoja awe na pasipoti yake, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki Rwanda ilishaipiga marufuku tangu 2008, kwa hiyo nguo zifungeni kwenye mashuka na masanduku.

Siku yenyewe tuipangeje? (Mume na mke, Igoma)

Kwanza kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi hiyo shughuli husimama. Msipange kuingia Kigali na gari la mizigo muda huo. Kumbukeni pia saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Njia imekuwa nyepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Foleni ya kivuko haipo tena. Mnapita Sengerema, Geita, Biharamulo, hadi Benako. Tafuteni dereva aliyezoea kuvuka, maana Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Kabla ya kufunga mlango lipeni bili ya maji ya MWAUWASA, pigeni picha vyumba vikiwa vitupu, na funguo mkabidhi mwenye nyumba mkononi mwake.

Shangazi, nina kizimba cha mitumba soko la Mlango Mmoja. Mume wangu anasema niache, nitafute cha kufanya tukifika. Naogopa kusema hapana. (Mke, Mabatini)

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia. Mumeo huenda hana nia mbaya. Amepata ajira, ana furaha, anadhani mengine yatajipanga. Lakini wewe ndiye unayeacha wateja uliowajenga kwa miaka. Mwambie jioni moja mkiwa mmetulia: "Mume wangu, nakuja nawe, ila nataka tukae tupange na upande wangu." Hilo si kukataa.

Kisha ulizeni swali moja kabla ya kufunga virago: utaingia kwa kibali gani? Kuishi kama mtegemezi wa mume ni jambo moja, kuruhusiwa kufanya kazi au biashara ni jingine. Mwajiri wake anaweza kuwaulizia Uhamiaji wa Rwanda, na majibu yaje kwa maandishi. Mtaji wako usiingie kwenye nauli ya Fuso. Ubaki kwenye akaunti yenye jina lako. Laini yako ya simu ya huku iwe hai, maana wateja na fedha zako zimo humo. Kizimba nacho usimwachie mtu kwa maneno matupu. Pita ofisi ya soko uulize utaratibu, na mkiafikiana muandikishane.

Kama akikasirika kwa kuulizwa tu, niandikie tena kabla hamjaondoka.

Naweza kubeba dagaa wa soko la Mwaloni? (Mke, Kirumba)

Wa kula nyumbani, kidogo, beba. Waanike tena juani, uwatie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, la sivyo mashuka yote yatanuka. Ukitaka kupeleka magunia, hiyo ni biashara: anzia ofisi ya uvuvi ukaulizie kibali kabla hujanunua hata debe moja.