Hita mbili za bia toka Marekani, soketi moja ya jikoni: inawezekana?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Arusha, napika bia nyumbani kwa gesi, sasa nataka kuhamia kwenye umeme. Shemeji kaniletea hita 2 toka Marekani zimeandikwa 5500W 240V, na nina sufuria 2 za stenlesi za lita 50, moja ya maji ya moto na ingine ya kuchemshia bia yenyewe. Je nahitaji transfoma? Na naweza kuchomeka soketi ya jikoni au lazima nivute laini mpya?

JIBU: Salama kaka. Transfoma huhitaji, hita ni waya unaopata moto tu, haijali herizi 50 wala 60, na umeme wetu wa volti 230 uko karibu kabisa na 240 iliyoandikwa pale, tofauti ni kwamba badala ya wati 5500 utapata kama 5050. Umeme ukiwa mdogo jioni ukashuka mpaka volti 200 hita hiyo hiyo inakupa wati 3800 hivi, kwa hiyo ukiona siku nyingine maji yanachelewa kuchemka usianze kufungua hita, pima volti kwanza.

Soketi ya jikoni hapana, na hapa naomba unielewe vizuri. Hita moja inakula ampia 22. Plagi ya kawaida mwisho wake ni ampia 13, yani kama wati 3000, na hata hizo si za kuziachia saa nzima mfululizo maana plagi inapata moto inaanza kulainika. Vuta laini yake peke yake toka kwenye DB (boksi la breka za nyumba), waya wa shaba wa milimita 6, sakiti breka ya 32, mwisho wake weka soketi ya indastrio ile ya bluu ya ampia 32. Mafundi wengi watakwambia milimita 2.5 inatosha kwa vile ndio wamebaki nayo kwenye begi, usikubali, 2.5 ndani ya konduti (bomba la kupitishia waya) inabeba kama ampia 24 tu, ukipitisha juu ya dari lenye joto inapungua tena, alafu mtu anaifungia breka ya 32 ambayo haitakata mpaka waya uwe umeshaungua. Breka ipo kulinda waya, hilo fundi yeyote asikubishie.

Sasa hita mbili kwa pamoja ni ampia 44. Kabla hujafikiria huko nenda kaangalie mein swichi yako imeandikwa ngapi, nyumba nyingi za fezi moja ni 60 au 63, na kama una ile hita ya kuoga ya papo kwa papo nayo inakula zaidi ya 20, ongeza pasi na friji, umemaliza. Ushauri wangu ni swichi ya kuchagua, ile ya nafasi tatu, hita ya kwanza, zima, hita ya pili, ili zisiwake zote mbili hata ukijisahau. Hupotezi kitu kikubwa. Lita 50 toka nyuzi 20 mpaka 70 zinataka unit 2.9, kwa hita moja ni dakika 35 mpaka 40, na wakati bia inachemka yale maji ya moto umeshayamaliza kazi. Kwa mpiko mzima hesabu unit 8 au 9 za luku.

Ethi na RCD (swichi inayokata umeme ukianza kuvuja) ndio sitaki mjadala. Unasimama kwenye sakafu yenye maji, unashika sufuria ya chuma yenye hita ndani. Niliwahi kuitwa nyumba moja sufuria inapiga shoti, hita ilikuwa imepasuka kidogo sana huwezi kuona kwa macho, na waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwenye soketi lakini huko nje hakuna ethi rodi (chuma cha kuzika ardhini) hata moja! Kwa hiyo pima ethi yako kwa kifaa, usiangalie tu kama waya upo, unganisha ethi kwenye sufuria zote mbili, na weka RCD ya miliampia 30 kwenye laini hiyo.

Kwenye boksi la kontroli tumia SSR (swichi ya kielektroniki ya kuwasha na kuzima hita) ya ampia 40 yenye kipozeo kikubwa cha alumini, na mbele yake weka kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili) yenye swichi ya dharura, manake SSR ikifa mara nyingi inafia kwenye kuwaka, hita inaendelea kula hata kama kontrola (kifaa kinachosimamia joto) imesema basi. Hita isiwashwe kabla maji hayajaifunika.

Alafu usikopi michoro ya waya ya Kimarekani. Wao volti 240 wanaipata kwa laivu mbili za 120, pampu na koili za kontakta zao nyingi ni za volti 120, ukizichomeka huku zinaungua hapo hapo. Na rangi zitakuponza, kwao waya mweusi ni laivu, wakati kwenye nyumba zetu za zamani mweusi ni nyutro na laivu ni mwekundu. Kazi ya kwenye DB mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jambo la mwisho kwa vile uko Arusha, huko juu mita 1400 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiseti kontrola 100 haitafika kamwe, hita itabaki inawaka moja kwa moja na bia itafurika mpaka chini, kwa hiyo ikishaanza kuchemka hamia manyuo (unaseti nguvu mwenyewe), weka asilimia 60 ya nguvu ya hita, uangalie povu.