Dogo, usimpe huyo mwandaaji dakika zako 20

Dogo, simama hapohapo. Huyo mwandaaji usimjibu leo.

Umeandika hapa jukwaani kwamba wewe ni mchekeshaji unayeanza na kuna mwandaaji anakutaka. Umeuliza bei, umeuliza mavazi, umeuliza dawa ya woga, na kama uchanganye Kiswahili na Kiingereza. Sawa, tutafika. Ila katikati ya maelezo yako umepitisha jambo moja kimyakimya: kwamba jamaa atarekodi dakika zako zote 20 na kuzirusha kwenye chaneli yake ya YouTube, malipo hakuna ila "utajulikana". Na wadau hapo juu wanakumwagia hongera. Hongera ya nini? Au mmeshamchukia mtoto wa watu?

Nisikilize mimi niliyekwisha kujulikana.

Nilianza kama wewe, Dar hapahapa, baa za Sinza na Kinondoni, zile siku za katikati ya wiki ambazo mwenye baa hana bendi na anataka mtu wa bure wa kushika maiki. Jukwaa ni kreti mbili na ubao. Unaongea huku nusu ya watu wamekupa mgongo wanaangalia mpira, na Arsenal wakifunga, kichekesho chako ndiyo kimezikwa. Unabuma. Wiki ijayo unarudi, umebadilisha neno moja, unabuma kwa adabu kidogo. Watu wanadhani mchekeshaji anaamka tu asubuhi anachekesha. Thubutu.

Nikupe mfano, maana kichekesho chenyewe sasa hivi hakina kazi nyingine. Nilikuwa na hiki cha baba yangu: nyumbani kwetu LUKU ikibaki uniti tano, mzee anawasha kibatari saa kumi jioni. Jua linawaka nje. Unamuuliza, baba, kibatari cha nini na umeme upo? Anakujibu bila kukutazama: "Nafanya mazoezi."

Hicho mwanzoni kilikuwa na uniti kumi, hakuna aliyecheka. Ilibidi uniti zipungue hadi mtu aone giza linakuja. Mwanzoni ilikuwa tochi, watu wakatabasamu tu. Siku nilipoweka kibatari, mzee mmoja pale Mbagala alicheka hadi akamwaga bia ya mwenzake, ikabidi wagombane. Na ile "bila kukutazama" ilikuja mwisho kabisa, kwa bahati, siku niliyogeuza uso kumtafuta mhudumu aliyeondoka na chupa yangu. Dakika zangu 20 zote zilipatikana hivyo, neno kwa neno, kwa kudhalilika.

Ndipo akaja bwana mmoja. Jina silitaji, mods, wasimamizi wa humu, wana mkono mwepesi wa kufuta. Ana pete kubwa kidole gumba na simu tatu, na zote zinaita yeye akiwa anaongea na wewe, ili ujue una bahati. Akanishika bega: "Mdogo wangu, siku hizi maudhui ndiyo pesa. Unakufa na kipaji kwenye baa?" Karatasi nilisaini juu ya spika. Spika inatetemeka kwa besi, sahihi ikaenda kombo, na hadi leo najuta kwamba haikwenda kombo zaidi, pengine ningeikana. Malipo: hela ya bodaboda na soda. Soda yenyewe moto.

Video ikaruka na kichwa cha habari cha herufi kubwa, "UKICHEKA UMEKWISHA", na picha yangu nimeachama utadhani naonyeshwa kwa daktari wa meno. Ikatembea. Wiki ya kwanza sikulala kwa raha. Nikipita stendi ya Mwenge vijana wanapiga kelele, "Nafanya mazoezi!" Konda mmoja alikataa nauli yangu. Basi, kaka, hiyo nauli ya Mwenge kwenda Posta ndiyo faida yote ambayo nimewahi kuipata kutokana na ile video. Ningejua ningekwenda Bagamoyo.

Mwisho wa mwaka nikapigiwa simu na kampuni moja, sherehe ya wafanyakazi, hoteli kubwa ya ufukweni, dakika 30. Nusu ya malipo ikaingia kwenye simu siku hiyohiyo. Nikanunua suti. (Uliuliza mavazi, ndiyo hayo: suti haichekeshi.)

Nikapanda. Nikafungua na kile cha LUKU maana ndicho hakijawahi kuniangusha. "Nyumbani kwetu LUKU ikibaki uniti tano, mzee anawasha..." Mama mmoja wa meza ya mbele, kitenge cha zambarau, mdomoni ana paja la kuku, akamalizia: "Kibatari!" Meza yake ikacheka. Nikatabasamu, nikaendelea: "Unamuuliza, baba, kibatari cha..." Ukumbi mzima, dogo, ukumbi mzima: "NAFANYA MAZOEZI!" Watu wakagongeana mikono. Mama akasimama akainama kama anapokea tuzo. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko chochote nilichowahi kukipata, na si changu hata kidogo.

Nikakimbilia kile cha mjomba aliyekuja kwa siku mbili na godoro lake. Wanakijua. Nikaenda cha mwenye nyumba. Wanakijua, tena wananisahihisha! Dakika ya tisa hivi nilikuwa nimemaliza kila kitu na bado nina 21 mbele yangu. Unajua mtu anafanya nini akiwa na dakika 21 na hana kitu? Anauliza, "Watu wa Tanga mpoo?" Wapo wawili. Ukishauliza Tanga, unauliza Moshi, unauliza Iringa. Nilizunguka mikoa yote hadi nikakuta naiulizia Katavi na mpishi peke yake ndiye anaitikia. DJ akanionea huruma akaweka muziki.

Nusu ya pili ya malipo sikuiona. Dada wa rasilimali watu alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, vichekesho vyako vipo YouTube bure, wafanyakazi wanauliza sisi tulilipia nini." Ungemjibu nini? Na hao watu wa sherehe za kampuni wanajuana. Simu zikakauka, msimu mzima, na suti ikabaki kwenye mfuko wake.

Nikamfuata bwana pete. Nikamwomba afute video, au angalau nipate chochote kwenye matangazo yanayopita pale. Akaniangalia kwa masikitiko: "Mdogo wangu, mbona unajikosesha baraka?" Kisha akatoa ile karatasi ya spika. Hapo ndipo nikaisoma kwa mara ya kwanza. Kazi yote ni mali yake, milele, "katika majukwaa yaliyopo na yatakayogunduliwa". Mtu mwenye simu ya kioo kilichopasuka anamiliki majukwaa ambayo hayajagunduliwa!

Na usidhani sheria haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtumbuizaji haki ya kukataa onyesho lake lisirekodiwe bila ridhaa yake. Mimi ridhaa niliitoa mwenyewe, kwa maandishi, na nikasema asante. Mwaka 2018 mchekeshaji wetu mkongwe King Majuto akiwa anaumwa, nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za mikataba ya wasanii, tukalia sana humu jukwaani. Kisha kila mmoja akaenda kusaini wa kwake.

Kinachowachanganya watu ni kudhani sisi na wanamuziki ni kitu kimoja. Mwimbaji wa taarabu anatunzwa kwa sababu ukumbi mzima unaujua wimbo. Akianza tu mstari, kina mama wanainuka na noti. Sisi wakishaujua mstari tumekwisha. Hata wakubwa wanalijua hilo. Mchekeshaji George Carlin kule Marekani alirekodi vipindi maalumu 14 vya runinga ya HBO kati ya 1977 na 2008, na kikisharuka anatupa kila kitu anaanza moja. Mwenzake Jerry Seinfeld mwaka 1998 alivizika hadharani vichekesho vyake vyote vya zamani. Mwingine, Chris Rock, mwaka 2017 alikuwa anafungia simu za watazamaji kwenye vifuko mlangoni ili mtu asirekodi. Matajiri hao, na wanalinda. Wewe wa Tabata unagawa! (Haya yote nilikuja kuyasoma baadaye, kipindi nina nafasi nyingi ya kusoma.)

Nairobi nao wanalijua. Wakati wa Churchill Raw, lile onyesho la vichekesho pale ukumbi wa Carnivore, watu walikuwa wanapima vichekesho kwa watazamaji wa ukumbini kwanza kabla ya kuvipeleka kwenye runinga, na mchekeshaji mmoja wa huko aliniambia runinga inameza kwa usiku mmoja ulichopika mwaka mzima, kisha wiki ijayo inauliza kuna nini kingine. Yeye alikuwa na kingine. Mimi nilikuwa na Katavi.

Kwa hiyo sikiliza: dakika ambazo huna nyingine za kuziba nafasi yake hazirekodiwi na mtu yeyote. Ukiwa na 20, toa sifuri. Ukiwa na 40 zilizokwisha kupimwa baa, hapo toa tano, zile ulizokwisha kuzichoka mwenyewe. Akitaka klipu, mpe kuzungumza na watu wa meza za mbele, yule aliyechelewa, yule aliyekuja na mke wa tatu. Hayo hayarudiwi kesho, kwa hiyo hakuna hasara, na mtandaoni ndiyo yanatembea zaidi. Vya baba yako viache ukumbini, kwa waliolipa kiingilio. Na iandikwe nani anamiliki nini, kwa muda gani. Akisema "sisi ni familia, karatasi ya nini", muulize mbona kwangu alikuwa nayo.

Atakwambia fulani ametoka kwa klipu. Kweli, wapo. Waulize walikuwa na dakika ngapi nyingine kabatini siku ile.

Bei: nusu mkononi kabla hujavaa, nyingine kabla hujapanda jukwaani. Si baada. Baada kuna dada wa rasilimali watu. Woga utaisha ukibuma vya kutosha, hilo halina dawa. Kiswahili na Kiingereza, aah, inategemea ukumbi, wengine watakujibu.

Sasa niambie kitu kimoja kwa PM, ujumbe wa faragha, na unijibu leo kabla hujaonana naye: ana pete kidole gumba?